Siku Anti Kagendo Alipokata Mkanda

Mwezi uliopita nilipeleka sketi kwa fundi ibadilishwe zipu, na nilipoinama kumwonyesha mahali ilipokwama nikanusa mafuta ya cherehani. Si harufu kali. Ni nyepesi, karibu tamu, kama chuma kilichopakwa sukari. Fundi aliniuliza mara mbili kama nataka zipu nyeusi au ya kahawia, nami sikumjibu, kwa sababu wakati huo nilikuwa mbali kabisa na duka lake. Nilikuwa nimelala chali kwenye sakafu ya saruji kule Chechelesi, mtaa wa Isiolo, nina miaka minane, na ninalitazama tumbo la cherehani ya Anti Kagendo.

Acha nikueleze nilivyofika kwake. Baba yangu, Mmeru, alikuwa daktari wa mifugo Garbatulla. Mama yangu, Mborana, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Merti. Niliishi na Mama mpaka nilipofika umri wa miaka saba, kisha Baba akaona afadhali nisome mjini Isiolo, nikae kwa dada yake. Huyo ndiye Anti Kagendo, fundi wa nguo, mwanamke mrefu, mchache wa maneno, ambaye hakuwa na mtoto. Nilifika kwake na sanduku la bati, godoro lililokunjwa, na nywele.

Nywele hizo zilinifika kiunoni. Nilizirithi upande wa Mama, nyororo na nyingi, zenye tabia ya kuteleza kutoka kwenye chochote kilichozishika. Anti mwenyewe alinyoa zake fupi sana, mara moja kwa wiki, akamaliza. Siku ya kwanza alizishika zangu kwa vidole viwili, kama mtu anayepima kitambaa ambacho hajawahi kushona, akasema, "Hizi zitanishinda."

Mama alikuja mara moja kwa mwezi, juu ya lori au nyuma ya pikapu, akiwa amefunikwa na vumbi hadi kwenye kope. Aliniosha nywele uani, akanipaka mafuta, akanisuka, na kesho yake akarudi Merti. Yeye na Anti walisalimiana kama watu wawili waliokutana kwenye dirisha la ofisi ya serikali.

"Habari ya Merti, mwalimu?"

"Nzuri. Habari ya kazi?"

"Iko tu."

Basi, mazungumzo yalikuwa yameisha. Mama alikula chumbani, Anti akala dukani, mbele ya cherehani yake, na mimi nikabeba sahani yangu kutoka huku kwenda kule. Ni ajabu kwamba sikuwahi kuuliza kwa nini, maana niliuliza kila kitu kingine. Niliuliza kwa nini mboni ya jicho la mbuzi imelala. Niliuliza maji huenda wapi mfereji ukikauka. Ekai, Mturkana aliyetengeneza baiskeli kwenye baraza la jirani, aliniita Swali. "Swali amekuja," angesema akiniona, na kuweka spana chini, kwa kuwa alijua hatafanya kazi tena kwa nusu saa.

Lakini swali langu kubwa kuliko yote lilikuwa la uzi wa chini. Uzi wa juu niliuona mwenyewe ukitoka kwenye kigurudumu chake na kuingia kwenye tundu la sindano. Ila ukigeuza nguo, unakuta uzi mwingine upande wa pili, umeshikana na ule wa juu kama vidole. Huo ulitoka wapi? Anti alinionyesha bobini, kile kigurudumu kidogo cha chuma chenye uzi wa chini, akanionyesha inapokaa. Sikuridhika. Nilitaka kuona hasa pale nyuzi mbili zinapokutana.

"Ukishajua utanishonea hizi sare?" Anti aliuliza.

Nilisema ndiyo.

Jumamosi moja, shule zikiwa karibu kufunguliwa, duka lilikuwa limejaa sare za buluu mpaka juu ya kiti cha wageni. Anti alikuwa akishona marinda, na ukishona marinda huangalii kitu kingine. Mimi nilikuwa nimeivua raba iliyofunga nywele zangu, kwa sababu ilikuwa ikininyofoa. Nikaingia chini ya meza ya cherehani polepole, nikalala chali, nikageuza shingo ili nione bobini vizuri.

Kilichobadilika kwanza ni sauti. Cherehani ile ilikuwa na mwendo wake, taka-taka-taka, ambao niliuzoea hata usingizini. Ghafla ikaguna. Kisha kichwa changu kikavutwa kando kwa nguvu ambayo sikuijua, na baada ya hapo ndipo maumivu yakafika. Nywele zilikuwa zimeingia kati ya mkanda wa ngozi na lile gurudumu kubwa la chini, zikaendelea kujizungusha kwenye ekseli.

Mguu wa Anti ulisimama papo hapo juu ya pedali. Nilipiga kelele iliyomleta Ekai mbio, mikono imejaa grisi.

"Kata hiyo nywele, mama! Kata haraka! Nywele itamea!"

Nami nikalia, "Anti, kata! Kata!"

Kutoka pale chini niliona miguu yake tu, kisha magoti yakishuka, kisha mkono wenye mkasi mkubwa wa kukatia kitambaa. Mkono ulikuwa ukitetemeka. Chuma baridi kilipita karibu na sikio langu. Nikafumba macho. Nilisikia kitu kinene kikikatika, kwa shida, mara mbili, na kitu kizito kikaniangukia kifuani. Nilipofumbua macho nikaona ni mkanda wa cherehani.

Ekai alibaki kinywa wazi. "Mama, umekata mkanda?"

"Lete bisibisi," Anti akasema. "Na usinisemeshe."

Ekai akafungua gurudumu, skrubu baada ya skrubu. Anti akamimina mafuta ya cherehani kwenye fundo la nywele, akalala chini kando yangu, shavu lake kwenye saruji, akaanza kuzitoa kwa ncha ya sindano, uzi mmoja mmoja, kama anayefumua mshono alioukosea. Jua lililokuwa kwenye kizingiti lilipanda ukutani, nasi bado tuko pale. Kuna mahali nyuma ya sikio ngozi ilichubuka na nywele zikang'oka, sehemu ya ukubwa wa kidole gumba. Nyingine zote zilitoka nzima.

"Anti," nilimwuliza nilipoacha kulia, "mbona hukukata nywele?"

"Nyamaza. Nitakosea."

Hilo lilikuwa swali langu la kwanza ambalo Anti hakulijibu, si wakati ule wala jioni. Jioni alikaa chini ya taa akiandika barua kwa Mama. Akachana ya kwanza. Akachana ya pili. Ya tatu ilikuwa fupi sana, akampa dereva wa pikapu ya Merti alfajiri, kwa sababu siku hizo simu hazikushika kule.

Mkanda wa cherehani kama ile haukuwepo madukani Isiolo. Ekai alizunguka mji mzima akarudi mikono mitupu, akasema lazima uagizwe Meru. Sare hazikuweza kusubiri. Kwa hiyo wiki nzima Anti alishona akizungusha gurudumu la juu kwa mkono wa kulia na kuongoza nguo kwa mkono wa kushoto, na jioni aliukanda mkono ule wa kulia kwa maji ya moto.

Katikati ya kazi hiyo alikuwa na kazi nyingine: kutafuta namna ya kuzifunga nywele za mtoto asiyetulia. Jumapili baada ya kanisa alinipeleka kwa msusi sokoni, ambaye alinisuka matuta membamba yaliyobana hata nyusi zikapanda. "Urembo ni kuvumilia," msusi aliniambia nilipolia. Siku nzima majirani walikuwa wakiniuliza ni nini kilichonishangaza. Sikuweza kuweka kichwa kwenye mto, na asubuhi vipele vidogo vilikuwa vimejipanga kwenye paji la uso kama mtama. Anti alivitazama karibu. "Mshono ukivutwa sana, kitambaa hupasuka kando ya uzi," akasema, akayafumua yote.

Jumanne tukajaribu shanga kwenye ncha. Hizo nilizipenda, zililia kama mvua juu ya mabati. Lakini nikikimbia zilinipiga machoni, na moja ilipochomoka mtoto wa jirani, aliyekuwa akitambaa, aliitia kinywani. Mamake aliitoa kwa kidole. Anti alizikusanya shanga zote akazifungia kwenye mkebe wa vifungo. Jumatano alinifunga leso kichwani. Nikapanda geti la jirani, ncha ikanasa kwenye waya, nami nikabaki hapo nikining'inia kidogo mpaka Ekai akaninasua. "Swali," alisema, "leo umepata jibu?" Alhamisi zikaja pini za chuma. Nilipopiga pindu, moja iliniingia nyuma ya kichwa.

Jioni ile Anti alinisimamisha mbele yake akaniangalia kwa muda mrefu, jinsi alivyowaangalia wateja ambao bega moja liko juu kuliko lingine.

Ijumaa Mama akafika. Haukuwa mwisho wa mwezi. Alishuka kwenye lori la mbuzi kona ya barabara, akaja akitembea kwa kasi, shuka la safari bado begani.

Anti aliinuka kwenye cherehani. "Karibu, mwalimu. Kabla hujakaa, mwangalie mtoto."

Mama alinigeuza kichwa. Vidole vyake vikapapasa polepole mpaka vikafika nyuma ya sikio, vikasimama.

"Ni makosa yangu," Anti akasema. "Alikuwa chini ya mguu wangu na sikumwona. Sina la kujitetea."

 Mama alifungua nywele zangu, akazikunjua mgongoni, akaona zimefika kiunoni kama alivyoziacha. Nilimwona akishangaa. Kisha akaitazama cherehani.

"Mkanda uko wapi?"

Anti akaangalia nje. Mimi, ambaye sikuwahi kuweza kutunza neno tumboni, nikasema, "Anti aliukata! Ekai alimwambia akate nywele, na mimi nikamwambia, na yeye akakata mkanda!"

"Na hizi sare zote umeshona na nini?"

"Na mkono," Anti akasema.

Mama aliutazama ule mkono wa kulia, uliovimba kiwiko. Akaketi palepale kwenye kizingiti, na shuka lake na vumbi lake. Nilidhani atalia. Badala yake akaomba maji.

"Ya kunywa?" Anti akauliza.

"Ya kuosha nywele. Na wewe Kagendo, kuja uketi hapa karibu. Nilikuachia hizi nywele mwaka mzima na sikukuonyesha hata siku moja. Makosa hayakuwa yako peke yako."

Sikuwahi kumsikia akimwita kwa jina. Tulitandika mkeka uani. Nilikaa katikati, Mama upande mmoja na Anti upande mwingine, na vichwa vyao viwili vilikuwa juu ya changu. Mama alimwonyesha kwamba nywele kama hizi hazichanwi zikiwa kavu. Kwamba kwanza ni maji, kisha mafuta, kisha vidole, halafu kitana. Na kitana hakianzii kichwani. "Unaanza mwisho. Ukifungua mwisho, unapanda kidogo. Ukianzia juu unasukuma mafundo yote chini yanakuwa fundo moja."

"Kama uzi uliojisokota," Anti akasema.

"Kama huo."

Wakaendelea kuchana. Nilihisi mikono minne, miwili inajua na miwili inajifunza, na baada ya muda sikuweza kuitofautisha.

"Siku ya harusi yenu," Anti alianza, "nilikuwa mgonjwa." Kitana chake kikasimama. "Hapana. Sikuwa mgonjwa."

"Najua," Mama akasema. "Shika hapa. Vuta kidogo. Kidogo tu."

Nilitaka sana kuuliza. Nakuapia, swali lilikuwa mdomoni tayari. Lakini kulikuwa na kitu katika ile mikono kilichonikataza, nikatulia, nikatazama siafu wakipita kwenye ukingo wa mkeka.

Wakaanza kushauriana, na hapo walizungumza kama mafundi wawili.

"Isining'inie," Anti alisema. "Kinachoning'inia ndicho kinachonaswa."

"Na isibane. Kinachobana kinang'oa."

"Isiwe na chuma, wala shanga."

"Na huku nyuma kuwe laini, alale."

Mama akanigawa nywele katikati, akasuka matuta manne makubwa, malegevu, mawili kila upande, yakirudi nyuma. Kando ya kila tuta Anti aliingiza ncha ya kidole kidogo kati ya nywele na ngozi, kama anavyopima ukosi wa shati. Kidole kisipoingia, Mama alifumua akaanza upya. Chini ya masikio matuta yakaungana kuwa misuko miwili. Misuko hiyo ikapishana kwenye kisogo, ikalala chini kabisa mahali ambapo mto haugusi. Ikabaki kufunga. Raba ilikuwa imekatazwa. Anti aliingia dukani akarudi na vipande vya mabaki ya sare, akavikata mshazari. "Kitambaa cha mshazari kinatii," alieleza. "Kinanyooka kidogo, hakimkati mtu." Akafunga, akaficha ncha zote ndani ya misuko, hata pasiwe na kitu cha mtu kushika wala cha mlango kubana. Na karibu na lile jeraha hawakusuka kabisa. Waliliacha wazi, lipumue.

"Haya," Mama akaniambia. "Nenda ukacheze."

"Nicheze nini?"

"Kila kitu."

Mpaka leo sijapewa ruhusa nyingine kama hiyo. Nilikimbia mpaka kwa Ekai nikarudi. Nilipanda lile geti. Nilining'inia kichwa chini kwenye tawi la mgunga wa jirani, nikapiga pindu sita, nikambeba mwanambuzi ambaye alinitafuna sikio bila kupata nywele ya kutafuna. Wao wawili walikaa kwenye mkeka wakinifuata kwa macho, na kila niliporudi Anti alivuta hapa, Mama akagusa pale, wakatikisa vichwa, wakanituma tena. Mwishowe Anti akaniita dukani, akanyoosha kidole chini ya cherehani.

"Ingia."

Nikasita.

"Ingia. Mimi nitazungusha kwa mkono, polepole, na mama yako atakushika mguu. Si ulitaka kuona?"

Nikaingia. Anti akazungusha. Sindano ikashuka na uzi wake, na kijino kidogo cha chuma kikaja kikizunguka, kikaushika ule uzi wa juu kikaupitisha kuizunguka bobini yote, na uzi wa chini ukajikuta ndani ya kitanzi. Basi. Sindano ikapanda, fundo likakaza. Nilimwomba arudie mara nyingi sana. Alirudia kwa ule mkono uliovimba, wala hakuniambia nimalize.

Jioni hiyo Mama hakula chumbani.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima na kazi yangu, nilimwuliza Anti tena lile swali alilokuwa hajanijibu. Alikuwa akimenya viazi. "Mkanda ungepatikana Meru," akasema. "Lakini mimi nilikuwa nimemkataa mama yako mbele ya watu, kwa sababu ya alikotoka, na bado akaniachia mtoto. Sasa anarudi, ananikuta nimemkata mtoto wake sehemu aliyofanana naye. Ningemwambiaje ilikuwa ajali? Hata mimi nisingejiamini." Akamenya kiazi kingine. "Mkono ulitetemeka, Kinya, kwa sababu kulikuwa na siku ambayo ningekata kwa furaha."

Sikumuuliza zaidi. Nadhani ndiyo siku niliyoacha kuitwa Swali.

Lakini kuna jambo lingine nilipaswa kulielewa mapema kuliko hapo, na sikulielewa. Nilipoingia darasa la sita, shule ikatoa amri kwamba wasichana wote wanyoe. Anti alininyoa mwenyewe, uani, Mama akishika kioo. Nililia siku mbili, na si kwa ajili ya nywele tu. Kwa miaka yote hiyo Mama alikuwa akitoka Merti kila mwezi kuja kunisuka, Anti akimsaidia, nami nilijihesabu kuwa ndiyo sababu ya wao kukaa pamoja. Nilijisemea kwamba sasa kazi imekwisha, watarudi kwenye dirisha la ofisi.

Mwezi uliofuata nilitoka shuleni nikakuta viatu vya Mama mlangoni. Nikakimbia uani. Walikuwa wamekaa kwenye mkeka na birika la chai, Mama akijaribu kusema kitu kwa Kimeru na kukikosea, Anti akicheka mpaka ameshika mbavu. Hakuna aliyeuliza habari ya kichwa changu. Nikavua viatu nikatafuta mahali pa kukaa, pale nilipozoea, nikakuta wamesogeleana na katikati yao hapana nafasi. Nilinuna, nikaenda kukaa kwa Ekai mpaka giza likaingia. Ilinichukua miaka kujua kwamba siku ile nilipaswa kufurahi.